MASWALI YA WATOTO WETU YAMEPOTELEA WAPI?



Hebu mtazame mtoto wa miaka minne hapo nyumbani kwako. Tangu afumbue macho ni maswali tu. Mbona mwezi watufuata? Kwa nini maji ya bahari yana chumvi na ya mvua hayana? Nani alimfundisha kuku kuatamia? Hachoki mpaka uchoke wewe. Sasa mtazame kakake aliye darasa la saba. Huyo amebakiwa na swali moja tu: "Mwalimu, hii itakuja kwenye mtihani?" Akiambiwa haiji, afunga daftari.

Ni watoto wa mama mmoja, wamekula sahani moja. Baina ya miaka minne na miaka kumi na tatu kuna kitu kimetokea. Wengi wetu twasema, "Ah, ni kukua tu, utoto umemtoka." Lakini je, ni kweli?

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Uingereza, Barbara Tizard na Martin Hughes, walitoa kitabu kuhusu wasichana 30 wa umri wa karibu miaka minne. Waliwarekodi wakizungumza nyumbani na mama zao, kisha wakawarekodi wakiwa kwenye skuli ya chekechea. Nyumbani mtoto aliuliza kwa wastani maswali 26 kwa saa. Skulini aliuliza mawili. Angalia vizuri, ndugu yangu. Hawa si watoto wakubwa na wadogo wanaolinganishwa. Ni watoto wale wale, wa umri ule ule. Kwa hivyo umri hauwezi kubebeshwa lawama. Na ikiwa chekechea, pahali pa michezo na nyimbo, maswali yalipungua hivyo, itakuwaje darasa la watoto sitini na mwalimu mmoja mwenye silabasi ya kumaliza?

Makala haya hayakuja kuwatukana walimu. Mwalimu ni mtu wa kuheshimiwa, na wengi wao wafanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo. Nataka tuangalie historia, ili tujue skuli tuliyo nayo ilijengwa kwa kazi gani. Ukiijua kazi iliyoijenga, hutashangaa tena maswali yalikwenda wapi.

WATU WA PWANI WALISOMA VIPI?

Kabla ya skuli ya serikali kulikuwa na chuo, na kulikuwa na darsa. Watu huvichanganya, lakini ni vitu viwili.

Chuoni mtoto alianza na alifu na bee, akaendelea mpaka akahitimu juzuu zake. Huko ilikuwa ni kukariri kwa sauti, na bakora ilikuwa haiko mbali. Tusidanganyane kwamba kila mtoto alikifurahia.

Darsa ilikuwa mambo mengine. Sheikh ameketi msikitini au barazani kwake, wanafunzi wamemzunguka, kitabu kiko mbele. Mmoja asoma, sheikh afasiri, mwingine auliza. Hakukuwa na kengele. Kijana aliyetaka nahau alikwenda kwa mjuzi wa nahau, aliyetaka mirathi alikwenda kwa mjuzi wa mirathi, hata kama ni kufunga safari mpaka Lamu au Unguja. Alimaliza kitabu alipokifahamu, si muhula ulipokwisha. Na ijaza yake aliipata kwa mwalimu aliyemjua kwa uso na kwa akili yake.

Hata vile vitabu vyenyewe vimejengwa juu ya maswali. Fungua kitabu cha zamani cha fiqhi: katikati pana matini, kando yake sharhi, na kando ya sharhi pana hashiya. Mwanachuoni mmoja asema jambo, wa pili alieleza, wa tatu ampinga wa pili. Mwanafunzi alikulia katika hali ya kujua kwamba wakubwa pia huulizana.

Mfano mzuri ni Msikiti wa Riyadha wa Lamu, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 chini ya uongozi wa Habib Saleh, aliyefariki mwaka 1935. Alifungua darsa zake kwa watu waliokuwa wakidharauliwa mjini, wakiwemo waliotoka utumwani na vizazi vyao. Wakubwa wa mji wengine hawakupendezwa, lakini hakurudi nyuma. Leo Riyadha yajulikana Afrika Mashariki yote.

MTIHANI WATOKA MBALI

Sasa twende Uingereza kidogo, maana skuli yetu ya kisasa ilikuja na meli kutoka huko.

Mwaka 1862 serikali ya Uingereza ilianzisha utaratibu wa kuzilipa skuli kulingana na matokeo. Mkaguzi alikuja mara moja kwa mwaka. Mtoto mmoja mmoja alisimamishwa mbele yake: soma, andika, fanya hesabu. Akipita, skuli yapata pesa. Akianguka, pesa zakatwa. Utaratibu huo ulidumu kwa zaidi ya miaka 30.

Unafikiri walimu walifanya nini? Walifanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya. Walifundisha yale ambayo mkaguzi angeyauliza. Watoto walikariri kitabu cha kusomea chote kwa moyo, hata ikasimuliwa kuwa wengine waliweza "kukisoma" wakikishika juu chini. Matthew Arnold, mshairi maarufu ambaye pia alikuwa mkaguzi wa skuli, alilalamika waziwazi kwamba mafundisho yamegeuzwa kuwa kazi ya mashine.

Huo ndio mzizi wa maneno yetu. Serikali ilitaka kitu kinachoweza kuhesabiwa. Kusoma kwaweza kuhesabiwa, na jamu na kutoa pia. Lakini swali la mtoto lahesabiwa vipi? Halina maksi. Na kisicho na maksi, pole pole hakifundishwi, kisha huonekana ni usumbufu.

CHUJIO LA MKOLONI

Huku Kenya mambo yalizidi kuwa mabaya, kwani skuli za wakoloni zilipangwa kwa rangi. Mzungu na yake, Mhindi na yake, Mwarabu na yake, Mwafrika na yake, na kila mmoja na bajeti yake. Mwaka 1924 tume iliyotumwa na wakfu wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizuru Afrika Mashariki, ikapendekeza elimu ya Mwafrika iegemee zaidi kilimo, kazi za mikono na afya ya kijijini. Kilimo si aibu. Lakini wazazi wengi wa Kiafrika waliuliza: kwa nini mtoto wangu afundishwe jembe, na wa Mzungu afundishwe kutawala?

Kisha ikaja ripoti ya Beecher ya mwaka 1949. Ripoti hiyo ilipanga masomo ya Waafrika kwa ngazi tatu za miaka minne minne. Mwisho wa mwaka wa nne, mtihani. Mwisho wa mwaka wa nane, mtihani mwingine ulioitwa KAPE. Na waliobahatika kufika mwisho wa sekondari walikutana na mtihani wa Cambridge, ambao karatasi zake zilitungwa na kusahihishwa Uingereza. Serikali ilihitaji makarani kadha, walimu kadha, wasaidizi wa daktari kadha, na haikuwa tayari kugharimia zaidi ya hao. Kwa hivyo kila ngazi iliwekewa chujio. Kazi ya chujio ni kuacha wengi nje. Haina haja ya kujua aliyeachwa nje alikuwa na nini kichwani.

Hapo ndipo jibu likawa na thamani kuliko swali. Mtoto mwenye jibu apita. Mtoto mwenye swali apoteza wakati wa wenziwe.

KIJANA WA MOMBASA ALIYEKATALIWA

Sasa nikupe mfano wa hapa hapa nyumbani.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Mombasa. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la *Sahifa*, na mwaka 1932 akatoa *Al-Islah*, akiwahimiza Waislamu waamke, wasome dini yao kwa kufahamu na wasiogope elimu mpya yenye manufaa. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alifariki mwaka 1947 na kuacha mwanawe Ali akiwa na miaka 14.

Ali huyo alisoma katika skuli za Mombasa na mwishoni mwa miaka ya 1940 akafanya mtihani wa Cambridge. Matokeo yake: daraja la tatu. Makerere, chuo kikuu cha pekee cha Afrika Mashariki wakati huo, kikamkataa. Kwa mujibu wa chujio, hadithi yake ilikuwa imekwisha. Akaingia kazi za ukarani, kisha akafanya kazi katika taasisi ya MIOME hapa Mombasa, ile iliyokuja kuwa Polytechnic na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Hapo MIOME alipewa nafasi ya kutoa hotuba katika sherehe ya Maulidi, na Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, alikuwa miongoni mwa waliohudhuria. Gavana akamsikiliza karani huyu kijana akizungumza, akavutiwa. Mambo yakaanza kufunguka, mpaka akapata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Mwaka 1960 alihitimu shahada ya kwanza chuo kikuu cha Manchester, tena kwa sifa. Mwaka 1961 akapata ya pili huko Columbia, Marekani. Mwaka 1966 akapata uzamivu huko Oxford. Na kabla ya muongo huo kwisha alikuwa profesa na mkuu wa idara ya sayansi ya siasa. Wapi? Makerere! Chuo kile kile kilichomwona hafai kuwa mwanafunzi.

Mwaka 1979 BBC ilimwalika kutoa mihadhara yake ya kila mwaka ya Reith, na mwaka 1986 filamu zake kuhusu Afrika na urithi wake wa aina tatu zilionyeshwa ulimwenguni. Profesa Ali Mazrui alifariki Marekani Oktoba 2014 na kuzikwa hapa Mombasa, katika makaburi ya ukoo wao karibu na Fort Jesus.

Wengi husimulia kisa hiki kumsifu Profesa, na anastahiki. Lakini mimi nakuomba uangalie upande wa pili. Mtihani ulimpima akili yake ukasema: haitoshi. Hotuba moja ikaonyesha kwamba mtihani ulikuwa umepima kitu kingine kabisa. Na kama siku ile gavana angeugua homa asihudhurie? Ni vijana wangapi wa Lamu, Malindi, Kwale, Garissa na Isiolo walioangukia upande ule ule wa chujio, wasipate gavana wa kuwasikiliza? Hao hatuwajui majina, na hatutawajua.

UHURU ULIKUJA, CHUJIO LIKABAKI

Baada ya uhuru, tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunganisha skuli zilizogawanywa kwa rangi. Hilo lilikuwa jambo kubwa na la haki. Lakini mtihani haukuondoka. Jirani zetu Tanzania, Mwalimu Nyerere aliandika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akionya kwamba haifai shule ya msingi kuwa ni matayarisho ya sekondari tu, wakati watoto wengi hawatafika huko. Ugonjwa aliousema ulikuwa wetu pia.

Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4. Nia yake ilikuwa nzuri: mtoto ashike randa na sindano, apande mboga, achore, apige muziki. Yaani mikono na udadisi virudi darasani. Lakini juu yake likawekwa jina jingine la chujio, KCPE. Hata upishi ukawa ni swali la kuchagua A, B, C au D. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo ya mikono yaliondolewa kwenye mtihani kupunguza mzigo, na yalipotoka kwenye mtihani, katika skuli nyingi yakatoka kwenye ratiba pia. Nani atafundisha kisichoulizwa?

Tuisheni za alfajiri, tuisheni za usiku, tuisheni za likizo. Magazeti yakapanga skuli kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kuacha kupanga nafasi, lakini wazazi tuliendelea kupanga wenyewe. "Wako kapata ngapi?" ndiyo salamu yetu.

Katikati ya haya kulitokea jambo la ajabu. Serikali ilipofanya elimu ya msingi kuwa bure mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani. Na mwaka uliofuata, katika skuli ya msingi ya Kapkenduiywo huko Eldoret, alijiandikisha darasa la kwanza mzee wa miaka 84, Kimani Maruge. Miongoni mwa sababu alizozitoa ni kwamba alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Ndugu msomaji, huyu mzee aliingia darasani akiwa na jambo analotaka kulijua! Watoto wetu twawapeleka hali wanayo mambo mia wanayotaka kuyajua, na wanatoka wakiwa na cheti.

Tuwe waadilifu. Mtihani una wema wake. Mtoto wa mvuvi asiye na mjomba ofisini aliweza kupata nafasi ya skuli kubwa kwa sababu maksi zake hazikujua jina la babake. Ukiufuta mtihani bila kuweka kitu cha haki, nafasi zitakwenda kwa wenye kujuana. Kwa hivyo sisemi mtihani uchomwe moto. Nasema mtihani ni mizani ya sokoni: yapima tu, hailishi. Mtoto akipandishwa mizani kila siku bila ya kulishwa, hanenepi.

Leo tunao Mtaala wa Umilisi, CBC, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017 na kuingia madarasani rasmi mwaka 2019. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Mtaala huu wataka mtoto atende, ajaribu, aulize. Wazazi tumelalamika kuhusu gharama za vifaa, na walimu kuhusu wingi wa watoto, na malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini kuna hatari nyingine ambayo haihitaji pesa kuizuia: sisi wenyewe kuligeuza kila jambo jipya kuwa KCPE kwa jina jingine. Tayari wapo wazazi wanaotafuta tuisheni ya CBC!

NA SISI KWENYE MADRASA JE?

Ni rahisi kumlaumu mkoloni na wizara. Hapa sasa tujiangalie.

Katika madrasa zetu nyingi tumechukua yale mabaya ya pande zote mbili. Bakora ya chuo tumeibakisha ilhali serikali iliipiga marufuku katika skuli zake tangu mwaka 2001. Mtihani na nafasi za skuli tumeviiga. Na ile darsa ya kuulizana, ambayo ndiyo iliyokuwa fahari yetu, tumewaachia wazee wachache baada ya Magharibi. Mtoto akiuliza, "Ustadhi, kwa nini?", huambiwa, "Usiulize, hayo ni mambo ya dini." Jamani! Dini gani hiyo?

Nabii Ibrahim (a.s.) alimuomba Mola wake amuonyeshe vipi anawahuisha wafu, ili moyo wake utulie. Hakukemewa, alijibiwa. Jibril (a.s.) alipotaka Maswahaba wafunzwe dini yao, alikuja kwa sura ya mtu akaketi mbele ya Mtume (s.a.w.) akawa anauliza: Uislamu ni nini? Imani ni nini? Ihsani ni nini? Somo kubwa kama hilo lilifundishwa kwa maswali mbele za watu. Nani sisi wa kumnyamazisha mtoto?

Hakuna anayedharau hifdhi. Aliyehifadhi Qur'ani amebeba hazina. Lakini kuhifadhi na kuuliza si maadui. Wanavyuoni tunaowataja kila siku walifanya yote mawili.

TUFANYE NINI RAMADHAN HII?

Kubadilisha wizara ni kazi ndefu. Kuna mambo madogo ambayo wewe msomaji waweza kuyaanza leo usiku.

Wewe mzazi, baada ya futari, kabla ya kuondoka kwenda tarawehe, mpe mwanao dakika kumi za kuuliza lolote. Usicheke, usimkate kauli. Usipojua jibu, mwambie, "Sijui, kesho twende tukamuulize fulani." Kisha mwende kweli. Mtoto akiona babake pia huuliza, amepata somo ambalo hakuna mtihani unalolijua.

Wewe ustadhi, acha robo saa ya mwisho ya darasa iwe ya maswali, na bakora ibaki nyumbani. Hutaharibu adabu. Utaona ni watoto gani walikuwa wamelala kwa sababu hukuwahi kuwaita.

Na wewe kijana mwenzangu unayesaidia tuisheni za jumuiya yetu: wasaidie watoto wapite mtihani, kwani mlango ule bado upo na lazima waupitie. Lakini katika siku za wiki, chagua moja ambayo karatasi za mitihani zilizopita hazifunguliwi. Wapeleke Fort Jesus, wapeleke ufuoni maji yakitoka, waulize mvuvi kwa nini bamvua haliji kila siku. Halafu nyamaza uwasikilize. Yumkini miongoni mwao yuko wa daraja la tatu ambaye hakuna gavana atakayekuja kumsikia. Basi msikie wewe.

Ramadhan Kareem. Wabillahi tawfiq.